Ligi Nzima Ilizaliwa Januari Mosi

Chai ya rangi ikimwagikia kadibodi hutoa harufu ya pekee, kitu cha katikati ya majani makavu na nguo iliyoloa. Wiki iliyopita, hapa Amherst, nje kidogo ya Buffalo, nilipindua kikombe juu ya boksi la vitabu ambalo sijalifungua tangu nihamie chumba hiki. Nilikuwa nimetoka chuoni, nimechoka kiasi cha kukosa hata hamu ya kuvua koti. Badala ya kutafuta kitambaa nilikaa ukingoni mwa kitanda nikaitazama ile chai ikinywewa na boksi, rangi ikienea taratibu, pembe zikilegea. Nikajikuta nina miaka kumi, niko Louisville, mtaa wa Beechmont, vidole vyangu vya kahawia, na Bibi ananiuliza ni kwa nini namaliza majani ya chai ya watu.

Mimi huzishuku kumbukumbu zinazonukia vizuri kupita kiasi. Mtu akianza kunisimulia jinsi utoto wake ulivyokuwa mtamu, huwa namuuliza ni nani aliyekuwa akiosha vyombo. Kwa hiyo nanyi nishukuni mnavyotaka. Nitawaeleza nilivyoona, na mtaona wenyewe mahali ambapo sikuona vizuri.

Nyumbani tulikuwa wanne: Bibi, mama yangu, mdogo wake mama ambaye ni Mjomba Eliya, na mimi. Baba yangu hakuwahi kufika Amerika, na habari zake ni ndefu, si za leo. Sisi ni Warundi. Mjomba alizaliwa Burundi muda mfupi kabla ya Bibi kukimbia, mimi nilizaliwa kambini Tanzania, na hilo ndilo lililotutofautisha, kwa maana katika karatasi tulizaliwa siku moja. Sisi sote tulizaliwa Januari mosi. Bibi alizaliwa Januari mosi. Mama, Januari mosi. Karatasi yangu ya kliniki ilioza kwa mvua, basi nami nikapewa Januari mosi kama wenzangu. Kambini, mtu asiyejua tarehe yake aliandikiwa hiyo, na mwaka ukakadiriwa kwa kumtazama.

Kanisani kwetu Beechmont, kila mwaka mpya, mchungaji aliuliza nani kazaliwa leo, na kanisa karibu lote lilisimama. Warundi walisimama, Wakongo walisimama, wazee na watoto wachanga mgongoni. Tulikatiwa keki moja kubwa kama mlango. Watoto wa Kimarekani darasani walikuwa na siku zao za Machi na za Oktoba, nami nilidhani ni anasa, kitu ambacho wazazi wao walikilipia, kama vile vyuma vya kunyoosha meno.

Ghorofa ya chini ya nyumba yetu alikaa Bwana Walt, dereva wa basi mstaafu, mzungu mwenye soksi nene hata wakati wa joto. Kila jioni alikaa barazani na boksi la viatu magotini. Ndani mlikuwa na kadi za besiboli, picha ndogo za wachezaji, ukubwa wa kiganja cha mtoto: mbele sura ya mtu akiwa na gongo begani, nyuma jina lake, kimo, uzito, mkono anaorushia, na siku aliyozaliwa. Besiboli kwangu ulikuwa mchezo wa watu waliosimama wakisubiri kitu. Nilimwambia hivyo. Alicheka mpaka akakohoa, akanijibu kuwa nimeuelewa kuliko wengi.

Bwana Walt ndiye aliyenifundisha kwamba kuna nyota waliosahaulika. Kuna watu, alisema, waliochaguliwa mara moja katika mechi ya wachezaji bora wa mwaka, wakavua kofia mbele ya umati, kisha hakuna aliyewakumbuka tena. Na kuna wengine waliostahili kuchaguliwa, lakini walikuwa katika timu mbovu, au katika mji ambao waandishi hawakupenda kwenda. Hao hakuna aliyewachapia kadi ya maana. Basi yeye aliwachorea. Alizichora kwa mtindo wa zamani, fremu ya njano, jina katika utepe, lakini mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka, akaniomba nimsaidie kuzipaka rangi.

"Usivuke mstari," aliniambia.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mstari."

"Nani aliuweka?"

"Mimi, binti."

"Sasa si unaweza kuuhamisha?"

Akaniangalia juu ya miwani yake, kisha akauhamisha.

Baada ya muda sikuridhika na watu wake. Nilitaka wangu. Nikakata maboksi ya siriali ya kifungua kinywa, nikachora upande wa kijivu, kisha nikajifunza kuzizeesha. Chai kali isiyo na maziwa, kadi ilale humo mpaka ibadilike. Kuikausha juu ya tundu la hita sakafuni. Kusugua pembe kwenye tofali la baraza ziwe butu. Mwisho, kuikunja mara moja katikati na kuikunjua, maana kadi ya kweli, alisema Bwana Walt, imewahi kukaa katika mfuko wa suruali ya mtoto.

Wachezaji wangu niliwatoa kanisani. Melkiori, jina la uwanjani Ukuta, mdakaji wa Mabasi ya Beechmont, mwenye uwezo wa kulala amesimama, kwa sababu Melkiori wa kweli alifanya shifti mbili kiwandani na alisinzia wakati wa sadaka. Mama Furaha, mama wa Kikongo aliyeuza sambusa baada ya ibada, nilimfanya mgongaji hatari wa timu ya Sambusa, na kadi yake ilionyesha mpira ukivuka barabara kuu. Nilipompa aliishika mbali na macho yake.

"Bon, na mukono yangu ukaifanya mukubwa hivi?" alisema. "Donc watu watasema nakula sambusa yangu miye mwenyewe!"

Akaicheka, akaitia katika Biblia.

Siku moja Bwana Walt alizipanga kadi zangu zote barazani, akazigeuza mgongo, moja baada ya nyingine. Uso wake ukabadilika.

"Hawa wote wamezaliwa Januari mosi?"

"Ndiyo."

"Timu zote?"

"Si ni watu waliosahaulika?" nilimjibu. "Sasa wangezaliwa lini?"

Hakucheka. Alizikusanya kwa upole akanirudishia, nami nikadhani amekubali.

Sasa Mjomba Eliya. Nilimwita mjomba ingawa tulikuwa tukigombania rimoti. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alikuwa na mkono wa kurusha. Kambini kazi yake ya utotoni ilikuwa kulinda mtama wa Bibi dhidi ya ndege, tangu alfajiri, kwa mawe. Ukirusha mawe kila siku kwa miaka mingi, na jioni ukaulizwa mtama umebaki kiasi gani, unajifunza kulenga. Louisville hapakuwa na mtama. Alikuwa akienda shule mchana, na usiku kwenye ghala la vifurushi, akirudi amejaa vumbi la maboksi.

Jumamosi moja ya masika, wakati baridi inapoanza kulegea, tulikuwa bustanini, yeye na vijana wa kanisa wakicheza kandanda, mimi nikiwa mshika viatu. Upande wa pili timu ya besiboli ya shule yake ilikuwa mazoezini. Mpira wao mdogo ukapotea njia, ukabiringika hadi kwetu. Mtu kule mbali akainua mkono. Mjomba aliuokota, akaugeuza vidoleni kama anayechagua jiwe, akaurusha. Haukupanda juu. Ulikwenda sawasawa, ukapita juu ya vichwa vya wachezaji wote, ukaingia katika glavu ya mdakaji kwa mlio ambao naukumbuka kuliko sauti ya baba yangu. Kisha mwanamume mnene mwenye filimbi shingoni akaanza kuja kwetu, mwanzo akitembea, baadaye akikimbia.

"Nani karusha?" aliuliza. "Nani?"

Vijana wote walirudi nyuma hatua moja. Walidhani kuna kosa.

Tangu siku hiyo Mjomba alifanya mazoezi na timu. Aliondoka ghalani saa ambayo wengine wanaamka, akaenda shule, akaenda uwanjani, akarudi ghalani. Nilimwona akicheka peke yake akiwa anafunga kamba za viatu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kocha alisema akicheza mechi chache tu, watu wa vyuo watakuja kumtazama. Nami nilianza kumtengenezea kadi, ya kwanza ya mtu ambaye bado hajasahauliwa.

Kisha wakatazama karatasi yake. Katika karatasi Mjomba alikuwa na miaka kumi na tisa, na sheria ya mashindano ya shule ilikuwa inamkataa mwenye umri huo. Lakini Bibi alikuwa amenisimulia, wakati wa kunisuka, jinsi Mjomba alivyozaliwa: soko lilikuwa limeshachomwa, wao walijificha katika shamba la mtu, na maharage yalikuwa yanatoa maua. Aliweza kuhesabu kuanzia hapo msimu kwa msimu, na hesabu yake ilitoa kumi na saba. Karani wa kambini hakuhesabu misimu. Aliona mtoto mrefu, akamwongezea miaka miwili.

Kocha hakukata tamaa. Alikuja nyumbani na keki ya ndizi. Alisema kuna njia: Bibi aende kwa mwanasheria, aape kwamba mtoto ana kumi na saba, na mtu mmoja wa kanisa athibitishe. Chama cha mashindano kingeweza kusikiliza. Mama alikuwa amelala chumbani, mgongo umemkatika katika kazi ya kufua mashuka ya hoteli. Bibi hakutaka Mjomba atafsiri kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa lake. Nikatafsiri mimi, nimekaa kochini, miguu yangu haifiki sakafuni.

"Bibi, anasema useme tu ukweli, useme yale maharage."

"Mwambie karatasi iko sawa," alisema Bibi.

Nikamgeukia. "Lakini Bibi, haiko sawa."

"Nimesema umwambie."

"Wewe mwenyewe ulisema soko lilikuwa limeshachomwa!"

"We mtoto. Unatafsiri au unahutubu?"

Kocha alikuwa akituangalia kwa zamu, kama mtu anayetazama mpira. Mjomba alikaa kwenye mkono wa kochi, akikwangua gundi ya boksi iliyokuwa imekauka kwenye kucha zake. Nilihisi kitu kinakaribia kuanguka na hakuna mtu anayenyoosha mkono. Basi nikakimbia chumbani, nikaleta kadi.

Nataka mnielewe hapa, kwa sababu hata leo sioni kama ulikuwa ujinga. Karatasi zilizotulinda sisi hazikuwa mpya. Zilikuwa za kahawia, zimekunjwa zikakunjuliwa mpaka zikatoboka kwenye mikunjo, na Bibi alizibeba katika mfuko wa nailoni chini ya nguo yake mbele ya kila ofisi, na kila mtu mwenye mhuri alizishika kwa adabu. Karatasi mpya na nyeupe ilikuwa kitu cha kutupwa: tangazo la pizza, barua ya shule. Nami nilikuwa na kadi iliyolala katika chai, ikasuguliwa, ikakunjwa. Mbele, Eliya akiwa amenyanyua mguu, mkono nyuma ya sikio. Nyuma, jina, kimo, hurusha kwa mkono wa kulia. Kuzaliwa: wakati wa maua ya maharage. Na mwaka, ule wa Bibi.

Nilimkabidhi Kocha kwa mikono miwili, kama Bibi alivyokuwa akifanya.

"Hii ni ya zamani," nilimwambia. "Iliandikwa kabla."

Aliisoma mbele na nyuma. Masikio yake yalikuwa mekundu. Hakunicheka, na kwa hilo bado namheshimu. Aliiweka mezani, mbali na keki isije ikachafuka.

"Ni kadi nzuri," alisema. Halafu akamtazama Mjomba. "Eliya?"

Mjomba alisema kwa Kiingereza, pole pole, bila kuinua macho: "Umri wangu ni huo ulioandikwa, bwana."

Na ikawa imekwisha. Kocha alimpa Bibi mkono, akampa Mjomba mkono, akanipa hata mimi mkono. Tulisikia gari lake likikaa muda mrefu pale nje kabla halijawaka.

Nilimnunia Bibi. Nilimwamkia kwa kunong'ona, shikamoo ya midomo tu, nikakataa kusukwa, nikaenda shule na nywele kama kichaka. Nilijenga nadharia, maana tayari nilikuwa mtu wa nadharia: Bibi aliogopa. Aliogopa kwamba akikiri kosa katika karatasi moja, watazichunguza zote, waturudishe. Nilivyokua niliipamba nadharia hiyo. Chuoni nikapata maneno marefu ya kuieleza. Niliamini kwamba familia yangu ilikuwa na nyota wake mmoja, na woga ukamzima.

Mwaka uliofuata tulihamia Columbus, kwenye nyumba ya bei nafuu huko Linden, ambako Mjomba aliahidiwa kazi katika ghala kubwa zaidi. Baadaye mimi nikaja Buffalo kusoma. Niligundua kitu ambacho pengine hakina maana: miji yote mitatu niliyoishi ina timu za ligi ya chini, zile ambazo wachezaji wake wako hatua moja tu nje ya ligi kubwa, wakisubiri kuitwa. Wengi hawaitwi. Wanazeeka hapo hapo, wakipigiwa makofi na watu waliokuja kwa ajili ya soseji.

Kiangazi kilichopita nilipanda basi kwenda Columbus kuwatembelea. Nilikuwa na tiketi mbili za mechi ya mchana, zawadi kwa Mjomba, na sitaficha kwamba zawadi yenyewe ilikuwa mtego. Nilitaka kumweka mbele ya uwanja nimwone atakavyokuwa. Alikuwa ametoka shifti asubuhi hiyo. Ana mvi mbili tatu sasa, na bega la kulia limeshuka kidogo kwa ajili ya kunyanyua. Tulikaa juani. Jamaa mmoja mwenye umri kama wake alikuwa akirusha, akijifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Ungeweza kuwa wewe pale," nilimwambia.

"Labda. Labda ningeumia mwezi wa kwanza."

"Bibi angekubali tu kwenda kuapa..."

"Bibi alikubali." Alisema huku akitafuna mbegu za alizeti, kama anayeniambia saa. "Asubuhi ile alikuwa ameshampata Melkiori awe shahidi. Kitenge kipya ameshavaa. Mimi ndiye niliyemwomba akatae."

Niliiacha mechi nikamgeukia.

"Kwa nini, Mjomba?"

"Ghalani hawachukui watoto. Nikishakuwa na kumi na saba, Jumatatu sina kazi. Mama yako alikuwa hawezi kuinua hata sufuria. Wewe ungekula nini? Kadi?"

Mrushaji alirusha. Watu wakapiga kelele, sijui za nini.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungenyamaza?"

Nilifikiri. "Hapana."

"Basi. Ungemweleza yule mzee wa chini, yule mzee angemweleza kocha, na kocha alikuwa mtu mwema, angetuchangishia kanisa zima mpaka ghalani wasikie. Bibi akasema anaweza kuvumilia kununiwa na wewe."

Nilitaka kumuuliza kama anajutia. Nilikuwa na swali lenyewe mdomoni, nimelibeba kwa miaka, limenyooka vizuri.

"Ulikuwa unaupenda, ule mchezo?" nikauliza badala yake.

"Sana," alisema. Akatema ganda. "Lakini ulikuwa unaniona nikiwa uwanjani tu. Nilikuwa nalala darasani. Nilikuwa nalala kwenye basi, napitiliza kituo. Siku kocha alipokuja, wakati nyinyi mnabishana, unajua nilikuwa nawaza nini? Nilikuwa nawaza kwamba akiondoka mapema nitapata saa moja ya kulala kabla ya kazi."

Sikuwa na nadharia ya hilo. Mtoto wa miaka kumi alidhani kila mtu anachotaka ni kuonekana: sura yako mbele, jina lako katika utepe, watu wajue ulirusha kwa mkono gani. Mwanamke wa miaka ishirini na kitu aliendelea kudhani hivyo hivyo, kwa maneno magumu zaidi. Mjomba wangu alikuwa na miaka kumi na saba, akatazama miaka miwili aliyobandikwa na mtu asiyemjua, akaona kwamba ndani yake kuna kodi ya nyumba na chakula changu, akaichukua. Na Bibi, aliyebeba kila karatasi yetu kifuani, alikubali kudanganya mbele ya mgeni na kuchukiwa na mjukuu, kwa sababu kijana wake alimwomba, naye alimwona kuwa ni mtu mzima. Sijui kama walifanya sawa. Siku nyingine naamka nikiwa na hakika kwamba walikosea, kwamba kulikuwa na njia ya tatu ambayo hakuna aliyekuwa na nguvu za kuitafuta. Lakini nguvu zenyewe zingetoka wapi?

Nilipogeuka kumwambia hayo, alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea nyuma, mdomo wazi kidogo, mbegu za alizeti bado ziko kiganjani. Jua lilikuwa usoni mwake moja kwa moja. Nilimvua kofia polepole nikamfunika nayo macho, nikamshika mkono ule wa kulia usianguke, na nikaangalia mechi hadi mwisho bila kuelewa nani anashinda.